Popo wa Berlin, Popo wa Kidike: Kuhakiki Michoro ya Viumbe Waliokaushwa

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kudhani kwamba matini ni kitu kilichoandikwa kwa maneno tu. Akitajwa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, mara moja tunatoa kalamu: fani ni hii, maudhui ni haya, wahusika ni hawa. Lakini tukiletewa picha ya ndege au ya samaki kutoka kitabu cha sayansi cha karne ya 19, tunaitazama, tunasema "picha nzuri," na mambo yamekwisha. Makala haya yanapinga tabia hiyo. Ninadai kwamba mchoro uliotengenezwa kwa mkono kutokana na kiumbe aliyekaushwa au kuchovywa katika spiriti ni matini kama matini nyingine. Una mtunzi, una kaida zake, una hadhira yake na, zaidi ya hayo yote, una mambo uliyoyaacha nje.

Hayo yaliyoachwa nje ndiyo ninayotaka kuyafuata. Kwa kisiwa chetu cha Pemba si mchezo wa darasani. Yupo mnyama mmoja ambaye ngozi yake ilihifadhiwa vizuri Ulaya, jina lake la kisayansi likaandikwa vizuri, na huku nyuma, nyumbani kwake, ukoo wake wote ukabakia kidogo tu uishe. Mnyama huyo ni popo mkubwa anayekula matunda, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa Pemba. Mabawa yake yakinyooshwa yanafika kiasi cha mita moja na nusu na zaidi. Yeye ndiye mhusika mkuu wa makala haya, ingawa atachelewa kuingia jukwaani. Kwanza tuwaone watunzi na vyombo vyao.

Bamba, mbao na jiwe

Mhakiki hawezi kuzungumzia fani ya utenzi bila kujua vina na mizani. Kadhalika hatuwezi kuzungumzia mchoro bila kujua unavyotengenezwa.

Njia ya kwanza ni ya bamba la shaba na asidi. Fundi hulipaka bamba nta nyembamba, kisha huchora kwa sindano. Sindano haichongi shaba. Inakwangua nta tu. Bamba hutiwa ndani ya asidi, nayo asidi inakula shaba pale tu palipokwanguliwa. Bamba likikaa muda mfupi, mstari unakuwa mwembamba. Likikaa muda mrefu, mstari unakuwa mzito na mweusi. Halafu nta husafishwa, wino ukasuguliwa juu ya bamba mpaka uingie katika mifereji, na uso ukafutwa. Karatasi yenye unyevunyevu hulazwa juu yake, vyote viwili vikapitishwa kwenye mashine yenye mzigo mkubwa, na karatasi ikanyonya wino kutoka mferejini.

Njia ya pili ni ya mbao. Hapo mambo yanageuka: fundi huchonga na kuondoa sehemu zitakazobaki nyeupe, na mstari mweusi ni ule uliobaki umesimama. Njia ya tatu ni ya jiwe. Mchoraji huchora juu ya jiwe laini kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe hulowanishwa, na kwa kuwa mafuta na maji havipatani, wino wa mafuta hushika penye mchoro tu.

Njia hizi tatu zinatofautiana sana, lakini zina tabia moja inayofanana: picha hutoka kinyume. Cha kulia kinakuwa kushoto. Kwa hiyo mchoraji anayetaka samaki wake atazame kushoto karatasini lazima amchore akitazama kulia juu ya jiwe. Mtu asituambie basi kwamba mchoro wa namna hii ni "dirisha" tu la kuonea maumbile. Kabla hata hatujamtazama samaki, mtu ameshamgeuza.

Samaki wanaotazama kushoto

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni kitabu The Fishes of Zanzibar kilichotolewa London mwaka 1866. Waandishi wake ni wawili. Robert Lambert Playfair alikuwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza katika Zanzibar, na ndiye aliyekusanya samaki. Albert Günther alikuwa mtaalamu wa samaki katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye wasomaji humsahau, naye ni George Henry Ford, aliyechora kurasa 21 za michoro ya kitabu hicho. Ford alitoka Afrika Kusini, akaenda London, na huko akawa mchoraji hodari wa samaki na wanyama watambaao.

Tafakari kidogo mgawanyo huu wa kazi. Mvuvi wa Kiswahili anavua. Balozi ananunua au anapelekewa. Samaki anatiwa katika chupa ya spiriti, anasafiri baharini, anafika London. Ford anamtoa chupani na kumchora. Ukitazama kazi ya Ford huwezi kuidharau. Kila gamba limehesabiwa, kila mwiba wa pezi umekaa mahali pake, na kivuli kilicho chini ya tumbo kinakufanya udhani ukigusa karatasi utalowa. Kwa ufundi, mtu huyu alikuwa bingwa.

Sasa tuulize maswali yetu ya darasani. Mandhari iko wapi? Hakuna. Samaki ameelea katika weupe mtupu: hakuna tumbawe, hakuna mwani, hakuna dema wala wavu. Wahusika wengine je? Hakuna samaki mwenzake wala mvuvi. Mwelekeo wake ni upi? Samaki wa vitabu hivi, kwa kaida, hutazama kushoto. Kaida hiyo ina sababu: ukitaka kuwalinganisha samaki wawili, mapezi kwa mapezi, ni lazima wakae namna moja, kama watu wanaopigwa picha za pasipoti. Basi huu ni mtindo, tena mtindo wenye lengo. Unasema kwamba samaki huyu hayupo hapa ili aishi. Yupo hapa ili alinganishwe.

Na rangi? Hapa ndipo panapouma. Mtu yeyote wa pwani anajua pono alivyo akitoka majini: kijani, buluu, waridi, vyote kwa pamoja. Mvuvi wa Kojani anamtambua kwa rangi kabla hajaangalia kitu kingine. Spiriti inamla pono rangi zake. Akikaa chupani anageuka hudhurungi, kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Ndiyo kusema kitu cha kwanza anachokijua mvuvi ndicho cha kwanza kupotea njiani. Kilichobaki ni kile kinachohesabika, yaani magamba, miiba na meno.

Mtu atanijibu: wewe unataka nini? Sayansi inahitaji vitu vinavyohesabika. Nakubali. Bila vitabu kama hiki tusingejua ni samaki gani waliokuwa wakiliwa Zanzibar miaka 150 na zaidi iliyopita, na mtafiti wa leo akitaka kujua ni wepi wamepungua, anaanzia huko. Sisemi mchoro ni uongo. Ninasema mchoro ni usomaji, na kila usomaji unachagua.

Pemba katika makabati ya watu

Tukitoka kwenye bahari tuingie kisiwani chenyewe. Katika karne ya 19 sura ya Pemba ilibadilika haraka. Mikarafuu ilikuwa imeshaanza kuenea zama za Sayyid Said. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikaangamiza mashamba ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Karafuu zilileta fedha, na pia zilikula msitu. Leo msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, kaskazini magharibi, nao ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1959.

Katika kisiwa hicho kilichokwisha kugeuka shamba ndimo alimoingia Alfred Voeltzkow, mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani, katika safari yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1903 hadi 1905. Alikusanya mawe, mimea na wanyama. Mwaka 1905 Anton Reichenow wa Berlin alimpa jina la kisayansi chozi wa Pemba, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akamwita pembae. Mwaka 1909 Paul Matschie, naye wa makumbusho ya Berlin, akampa jina popo wetu: Pteropus voeltzkowi.

Wakafuata Waingereza. Mwaka 1924 kinengenenge wa Pemba alipewa jina vaughani, kwa heshima ya J. H. Vaughan, mwanasheria aliyetumikia serikali ya Zanzibar. R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali hiyo hiyo, akamwandika bundi mdogo wa Pemba mwaka 1937 na ninga wa Pemba mwaka 1940, wote wawili pembaensis.

Hebu tuyasome majina haya kama tunavyosoma majina ya wahusika katika riwaya. Ndege watatu wamepewa jina la kisiwa. Ndege mmoja na popo wamepewa majina ya wageni. Hakuna hata mmoja aliyebakiwa na jina aliloitwa na watu wanaoishi naye. "Ninga" halimo. "Chozi" halimo. Jina la kisayansi linafanya kazi ile ile inayofanywa na weupe wa ukurasa wa Ford: linamtenga kiumbe na mazungumzo ya mahali pake.

Na ngozi zenyewe zilivyo! Ndege wa makumbusho huchunwa, hutolewa nyama, hujazwa pamba, hufungwa miguu pamoja na kulazwa chali katika mtoto wa meza. Mguuni hufungwa kikaratasi chenye tarehe, mahali na jina la aliyempata. Macho huoza, kwa hiyo mahali pake huwekwa pamba. Sasa fikiria mchoraji aliyeletewa bundi wa Pemba katika hali hiyo. Bundi huyu akiwa hai ana macho ya manjano yanayowaka gizani, na usiku hutambulika kwa mlio wake wa "hu" mmoja mmoja, ambao mtu wa Pemba anaujua kabla hajamwona ndege. Mchoraji hana macho hayo wala mlio huo. Macho atayatunga kwa kufuata maelezo ya aliyekusanya. Mlio hauna bamba. Asidi haijui kuchonga sauti.

Hapa naomba nitoe ushahidi wa nyumbani. Siku moja nilimwonyesha bibi yangu, mzee wa Wete, nakala ya mchoro wa popo mla matunda kutoka kitabu cha zamani. Popo alikuwa amenyooshwa mabawa, kichwa juu, miguu chini. Bibi aliusogeza karibu, akausogeza mbali, halafu akauliza:

"Mjukuu wangu, huyu popo gani asiyening'inia?"

"Bibi, huyu alikuwa ameshakufa. Wamemnyoosha ili wampime."

"Basi semeni huyu maiti. Msiseme popo."

Sijasoma katika vitabu vya nadharia uhakiki uliolenga shabaha kama huo. Kwa mpimaji, kichwa kuwa juu ni kaida tu. Kwa mtu anayeishi na popo, ukimgeuza umempotezea upopo wake. Hata ngano yetu ya vita vya ndege na wanyama, ile ambayo popo anakataliwa huku na kule, inategemea hali yake hiyo ya kutokuwa wa huku wala wa kule. Mchoro ulimweka upande mmoja, kwa nguvu.

Dodo: sampuli inayoingia katika fasihi

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wanasayansi na hayatugusi sisi wa fasihi. Kwa hiyo nitatoa mfano wa kiumbe wa kisiwa kingine cha Bahari ya Hindi, ambaye mchoro wake ulitoka makumbusho, ukaingia katika hadithi, na hadithi ikafika mpaka katika Kiswahili.

Jumba la makumbusho la Zanzibar, Beit al-Amani, lilifunguliwa mwaka 1925, na jengo lake la viumbe likafuata mwaka 1930. Miongoni mwa vitu vilivyowahi kuonyeshwa huko ni mifupa ya dodo, ndege mkubwa wa Morisi asiyeruka, aliyetoweka katika karne ya 17 baada ya mabaharia kufika na nguruwe na panya wao. Dodo ni wa ukoo wa njiwa. Kwa hiyo, kwa mbali, ni jamaa wa ninga wetu: wote wawili ni njiwa waliofungiwa na bahari katika kisiwa kimoja.

Huko Oxford, Uingereza, kuna kichwa na mguu, mabaki ya dodo mmoja ambaye mwili wake mwingine uliharibika zamani. Katika makumbusho hayo kulikuwa pia na picha ya rangi ya dodo, mnene, mwenye tumbo linaloburura. Mwalimu mmoja wa hesabu wa Oxford, anayejulikana kwa jina la Lewis Carroll, aliviona vitu hivyo. Mwaka 1865 alipotoa hadithi yake ya msichana Alice, dodo alikuwemo kama mhusika. John Tenniel alimchora, na mafundi wa mbao wakamchonga kwa ajili ya kuchapwa. Dodo huyo ni mnene vilevile, ana fimbo, na anasema maneno makubwa makubwa yasiyoeleweka.

Wataalamu waliochunguza mifupa baadaye wanaona kwamba dodo wa porini huenda alikuwa mwembamba kuliko hivyo. Unene wa picha za zamani unaweza kuwa ulitokana na ndege waliofugwa na kulishwa kupita kiasi, au ngozi zilizojazwa kupita kiasi. Angalia basi mnyororo ulivyo. Ngozi iliyojazwa vibaya inazaa picha, picha inazaa mchongo, mchongo unazaa mhusika mjinga wa hadithi, na mhusika huyo anatufanya tuamini kwamba ndege aliyetoweka alistahili kutoweka kwa ujinga wake. Mwanadamu aliyemla na kumharibia makazi anatoka mlangoni akiwa msafi.

Hadithi hiyo ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, London, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ikabadilishwa ili Elisi aonekane msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nalitaja jambo la mwaka 1940 kwa sababu moja. Mtu fulani aliona kwamba huwezi kutafsiri maneno ukaiacha picha ilivyo. Picha nayo inasema lugha, nayo inahitaji kutafsiriwa. Hilo ndilo dai langu tangu mwanzo.

Bamba katika mikono yetu

Je, basi tuliache bamba na asidi kuwa chombo cha wageni? Hapana. Chombo hakina kosa. Mwaka 1972 ilianzishwa Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, na humo wasanii wa Kitanzania walijifunza kuchonga mabamba kwa asidi. Robino Ntila ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo. George Lilanga, Mmakonde aliyeishi tangu 1934 hadi 2005, naye alifanya kazi humo. Bamba lile lile lililotumika Ulaya kuhesabu manyoya, mikononi mwa Lilanga lilijaa mashetani wenye masikio makubwa, wanaocheza, wanaogombana, wanaobebana. Ukurasa haukuwa tena mweupe na mtupu. Ulijaa watu na visa, kila mmoja akimgusa mwenzake. Hakuna aliyekaa peke yake kungoja kulinganishwa.

Yupo pia mtu aliyejaribu kuziunganisha njia hizi mbili. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935 na akafundisha sanaa Makerere. Kati ya 1971 na 1982 alitoa vitabu vikubwa vya wanyama wa Afrika Mashariki, kimojawapo kikiwa na popo. Kingdon alipasua mizoga na kuchora misuli na mifupa, kama mtu wa makumbusho. Lakini ukurasa huo huo ungemwonyesha mnyama yule yule akinusa, akijikuna, akikimbia. Maiti na hai wako pamoja, na msomaji anaona kwamba mfupa ule ni wa mwendo huu. Hakumficha aliyekufa. Alikataa tu kumwacha aseme peke yake.

Hawa wawili wananionyesha kwamba tatizo si ufundi. Tatizo ni swali ambalo mchoraji anaulizwa kabla hajashika sindano. Ukimwuliza "huyu anatofautianaje na yule?" atakupa samaki wa Ford. Ukimwuliza "huyu anaishije, na nani?" atakupa kitu kingine.

Popo wa Kidike

Sasa popo wetu aingie jukwaani. Tangu mwaka 1909 Berlin ilikuwa na ngozi na jina. Kwa sayansi, popo wa Pemba alikuwa "anajulikana." Lakini kujulikana huko kulikuwa kwa kabati. Kisiwani miti mikubwa iliendelea kukatwa, na popo aliwindwa kwa ajili ya nyama, hasa bunduki zilipoongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walipokuja kumtafuta waliwaona wachache sana. Mwaka 1996 aliwekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Yaani alibakisha hatua moja amfuate dodo, na laiti angemfuata, tungebaki na nini? Ngozi, jina la Mjerumani, na mchoro wa popo asiyening'inia.

Kilichomwokoa hakikutoka kabatini peke yake. Katika miaka ya 1990 idara ya misitu ya Zanzibar na shirika la Fauna & Flora International walizunguka kisiwa wakiwahesabu popo mitini, na kuzungumza na wanavijiji. Wakagundua jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuambiwa: baadhi ya miti waliyolala popo ilikuwa katika makaburi ya zamani, mahali ambapo mtu hakati mti ovyo. Heshima ya wafu ilikuwa imewatunza walio hai. Vikaundwa vilabu vya vijiji vya kuwalinda. Kidike, karibu na Mjini Ole, wanakijiji walianza kuwapokea wageni waje watazame, kwa kiingilio kidogo. Maelfu machache waliohesabiwa katika miaka ile waliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 2000 makadirio yalipita 20,000. Popo akateremshwa kutoka kundi lile la hatari kubwa kabisa, ingawa hajawa salama.

Simkatai mtu wa Berlin. Bila jina lake, pengine hakuna shirika ambalo lingejua kwamba popo huyu hayupo kwingine, na kwamba akiisha Pemba ameisha duniani. Hilo ndilo deni letu kwa kabati, na ni deni kubwa. Lakini kabati halikujua habari ya makaburi. Halikujua shelisheli na maembe anayokula, wala mbegu anazozipanda akiruka usiku kutoka bonde hadi bonde. Maarifa hayo yalikuwa katika Kiswahili cha wazee, na hakuna aliyeyachora.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mchoro wa kiumbe aliyehifadhiwa una fani na maudhui, na kwamba maudhui yake makubwa mara nyingi yamo katika weupe unaomzunguka kiumbe. Samaki wa Ford alipoteza bahari na rangi. Bundi wa Pemba alipoteza macho na mlio. Dodo aliongezewa tumbo asilokuwa nalo. Popo aligeuzwa kichwa juu. Katika kila mfano kuna mtu aliyekijua kilichopotea, na katika kila mfano mtu huyo hakuulizwa.

Ombi langu kwa wenzangu wa fasihi ni dogo. Tunapokwenda kukusanya ngano na methali vijijini, tukusanye pia jinsi watu wanavyowaona viumbe: wanavyowaita, wanavyoigiza milio yao, mahali wanaposema wanalala. Tuyaandike. Na wenzetu wa sanaa, ambao wanajua sindano na asidi, wayachukue maelezo hayo waende Ngezi na Kidike kabla ya kufungua vitabu vya zamani. Wakirudi, wachonge popo wa Pemba kwenye bamba la shaba kwa ufundi wote alioutumia Ford, kila unyoya na kila mshipa wa bawa. Ila wamning'inize.